Viatu vya Mzee

Bibi kizee ndiye aliyesema kwanza kwamba mzee amerudi. Alisema asubuhi, kikombe cha chai mikononi, macho yake yasiyoona yameelekea ukutani, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza kwamba maji ya bomba yamerudi.

"Nimemsikia akitokea mlango wa uani," alisema. "Hajabadilika. Anaburuta miguu, anasimama, anaguna, halafu mkebe."

Mwanawe, fundi wa baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Kiraka, aliacha kutafuna. Mkewe alikuwa anakunja sare za shule za watoto wa watu, maana kufua na kupiga pasi ndiyo ilikuwa kazi yake, naye akashusha mikono. Walitazamana, kisha kila mmoja akageuza macho upesi, kama watu waliofumaniwa mahali wasipotakiwa.

Mzee alikuwa amekufa zamani, Kiraka akiwa bado kijana anayejifunza kuziba pancha. Alikufa kwa kuzibwa mkojo. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema amekanyaga kitu, na wakati wakibishana tumbo lake lilituna likawa gumu, na hakuna aliyempeleka popote. Vitu vyake vilivyobaki ndani ya nyumba ile vilikuwa viwili: kiti chenye mkono mmoja uliovunjika, na viatu vya tairi vilivyokaa mlango wa uani. Viatu vile havikuwa tena na mwenyewe. Aliyetaka kutoka alivichomeka miguuni, akirudi akaviacha palepale. Vilikuwa vizito, na kila aliyevivaa alitembea kwa sauti moja: chwa, chwa, chwa.

Kiraka alijua mzee hajarudi. Aliyekuwa akitoka uani mara kwa mara na kusimama juu ya mkebe wa rangi alikuwa yeye. Mkojo ulimjia kwa matone, ukikatika na kurudi kama bomba siku za mgao, na baada ya kusimama mpaka magoti yanauma alibaki anahisi kama hajafanya kitu. Kilichomtisha zaidi ni lile guno. Halikuwa lake. Alilisikia utotoni kupitia ukuta uleule, na sasa lilitoka kooni mwake bila kuomba ruhusa.

Hakumwambia mtu. Alimaliza chai yake akaenda kazini. Nyuma yake bibi kizee alimwomba mkwewe amsogezee kile kiti karibu na mlango, mzee asije akakosa pa kupumzika. Mkwewe akakisogeza.

Kisha siku moja hata tone likakataa kuja. Kiraka alishinda akizunguka uani, akiinama, akijinyoosha, jasho linamtiririka, mpaka mkewe akaacha pasi na kumuuliza ana nini. Akasema hana kitu. Mkewe akaona jinsi alivyotuna chini ya kitovu, akatoka mbio kutafuta pikipiki. Walipokuwa wanampandisha, bibi kizee aliinua uso akauliza kama mzee ndiye anaondoka tena.

Kwenye zahanati muuguzi alimpitishia mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, na maji yaliyotoka yalijaza beseni. Kiraka alilia kwa nafuu, na kwa bahati hakuna aliyecheka. Akaachiwa mpira ule na mfuko wake, akaandikiwa kwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Kliniki yenyewe ilikuwa mwisho wa korido ndefu, mahali ambapo taa moja iliwaka na kuzimika kama isiyojua la kufanya. Benchi lilikuwa moja, wanaume na wanawake pamoja. Kilichomshtua Kiraka ni ukimya. Foleni za watu huwa na maneno, huyu anasema mguu, yule anasimulia mkwe wake. Hapa hakuna aliyemsalimia mwenzake. Muuza mkaa wa sokoni, mwanamke ambaye sauti yake ilifika mtaa wa pili, alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, ametulia kama gogo. Na pale mwisho alikaa mwalimu mkuu mstaafu wa mtaani kwao, ambaye baiskeli yake Kiraka alikuwa ameitengeneza miaka nenda miaka rudi. Chini ya koti la mwalimu ulichungulia mfuko kama wa Kiraka.

Kiraka akafungua mdomo atoe shikamoo. Mwalimu alimtazama. Alimtazama kama mtu anavyotazama kioo cha dirisha, akaona yaliyo nyuma yake, akageukia ukuta.

Kiraka aliwaangalia wote waliopangwa pale, kila mmoja na macho yake sakafuni, akawaona kama watu waliokwisha kufa wakawekwa wasubiri kuitwa. Ikamchukua muda kuelewa kwamba ule ulikuwa ndio utaratibu wa benchi. Unayemwona hapa hujamwona. Mkitoka getini mtasalimiana upya, kama ndiyo kwanza mmekutana.

Muuguzi alipita akitenganisha makaratasi, wanaozibwa huku, wanaovuja kule, akasema akina mama wasione haya, kuvuja nako kunatibika. Mkewe Kiraka aliitazama mikono yake. Zamu ilipofika alimwambia mumewe aingie peke yake, yeye atabaki kushika nafasi. Nyuma yao hapakuwa na mtu wa kuichukua.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke, tena wa umri wa kitindamimba wake. Kiraka alisimama mlangoni, akamnong'oneza muuguzi kama hakuna daktari mwanamume. Yule binti akasikia.

"Yupo, baba, ila yuko likizo," alisema huku akivaa glavu. "Akirudi utampa salamu zangu. Panda kitandani."

Yaliyofuata Kiraka hakuyasimulia kwa mtu yeyote maisha yake yote. Aligeuzia uso ukutani, akavumilia. Baadaye daktari alimweleza kwa upole kwamba kuna tezi inayozunguka shingo ya kibofu, kila mwanamume anayo, na yake imevimba mpaka imeminya njia. Akamuuliza kama baba yake aliwahi kuumwa hivyo. Kiraka akasema baba alikufa kwa kuzibwa. Kalamu ya daktari ilisimama.

"Basi umekuja kwa wakati," alisema.

Akampangia upasuaji. Kwa kuwa chama cha mafundi kilikuwa na mfuko wa matibabu, pesa haikuwa tatizo. Sharti lilikuwa moja tu, na daktari alilirudia kama anavyoambiwa mtoto anayetumwa dukani: mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno, mpira usizibwe hata kidogo, kwa sababu figo zake zilikwisha kuanza kujaa. Ukizibwa, maji yatarudi juu, na yakirudi juu hatafika siku ya upasuaji. Kiraka akaitikia ndiyo, ndiyo, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Alirudi kazini mapema kuliko alivyoambiwa, maana kukaa nyumbani na mama anayewakaribisha wafu kulimshinda. Aliufunga mfuko kwenye muundi, ndani ya suruali. Lakini fundi baiskeli kazi yake ni kuchuchumaa. Siku hiyo alikuwa ameshikilia gurudumu la muuza maziwa, kamba ikalegea, mfuko ukateleza ukatua chini pembeni ya pampu, umejaa, unang'aa juani.

Muuza maziwa aliutazama. "Fundi," akasema, "siku hizi unauza na juisi?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na Kiraka naye alicheka nao, akaiokota aibu yake akaenda nayo nyuma ya kibanda. Akachukua ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, ule anaofungia mipira iliyotoboka shinani mwa vali, akauchomoa mfuko, akaukunja mdomo wa ule mpira wa hospitali mara mbili, akauzungushia ukanda na kukaza kwa fundo lake mwenyewe. Fundo lile halijawahi kuvuja tangu alipoanza kazi. Alilitazama, na ingawa alikuwa na huzuni aliliona kuwa ni kazi safi. Tumbo likijaa atajificha, atafungua, atafunga tena. Mfuko akauchomeka chini ya rimu kuukuu, akarudi kwa muuza maziwa na suruali iliyonyooka kama ya bwana harusi.

Nyumbani hakusema. Mkewe alipouliza habari za mfuko, akajibu uko mguuni.

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Tangu alipowekewa mpira Kiraka hakuwa tena na sababu ya kuamka alfajiri. Alilala. Na alfajiri ya kwanza tu, akiwa kitandani, miguu yake imo ndani ya shuka lake, akasikia mlango wa uani unafunguliwa.

Chwa, chwa, chwa.

Nyayo zikasimama. Pakawa kimya. Guno, fupi, kama la mtu anayeinama kwa maumivu. Halafu maji yakaanguka, kama kwenye mkebe.

Kiraka hakupumua. Ng'ambo ya ukuta sauti ya mama yake ikasema taratibu, "Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Anakutafuta wewe," bibi kizee akasema, kisha akageuka upande, akalala.

Hakuwa na wa kumgusa begani. Tangu alipotolewa kizazi mkewe alilala chumba kilichokuwa cha watoto. Alisema kitanda cha kule kinamfaa mgongo. Kiraka alilielewa hilo kwa namna yake, kwamba mwanamke amemchoka, na hakuuliza. Asubuhi alipotaka kumwambia kuhusu nyayo, mkewe aliinamia pasi yake na kusema nyumba kuukuu zina sauti nyingi.

Siku chache kabla ya upasuaji Kiraka alianza kuhisi baridi saa za jua. Mkojo ukanuka, ukawa mzito kama maji ya mchele. Akasema ni uchovu. Fundo akaendelea kulifunga na kulifungua kwa vidole vya grisi.

Alfajiri aliyokaribia kufa aliamka tumbo limejaa, linauma mpaka kiunoni. Chumbani hapakuwa na chombo. Atakuwaje na chombo mtu aliyesema mfuko uko mguuni? Ilibidi atoke. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja sakafuni nyayo zilipoanza.

Chwa, chwa. Safari hii hazikwenda moja kwa moja uani. Zilikuja kwenye ujia, taratibu, zikasimama mbele ya mlango wake. Alisikia pumzi. Kulikuwa na mtu pale, amesimama, anasikiliza, na kati yao palikuwa na ubao mwembamba tu.

Kiraka alikuwa amelishika fundo. Angeweza kulifungua palepale, akalowesha shuka, yakaisha. Lakini wazo lililomjia lilikuwa la utotoni: likidondoka tone, mzee atasikia. Akaurudisha mguu kitandani. Akajifunika gubigubi. Nyayo ziliondoka, maji yakamwagwa, zikarudi, zikasimama tena pale mlangoni, kisha kimya. Alilala hivyohivyo, meno yanagongana, mpaka mwanga ulipoingia dirishani. Alipojaribu kufungua, vidole vilitetemeka, na fundo lile lisilovuja likakataa.

Mkewe alipoingia kumletea chai alimkuta amekaa, macho yamewaka, anazungumza na kona tupu.

"Nakuja, baba," alikuwa anasema. "Ngoja nivae viatu."

Mkewe akatua kikombe. Alifunua shuka, akaona ule ukanda mweusi umebana mpira, akaelewa yote kwa mara moja. Hakupiga kelele. Alikwenda akachukua mkasi wa nyuzi, akarudi, akakata.

Hospitali kubwa wauguzi walimchoma dawa mchana kutwa. Homa ilipopanda, Kiraka aliwaomba wamwondolee mzee miguuni pa kitanda, anamzibia feni. Mkewe hakuondoka wodini, lakini jambo moja kila mtu aliliona: hakuwahi kukaa. Palikuwa na kiti cha ndugu wa wagonjwa, yeye alisimama, akiegemea ukuta, mkoba umebanwa tumboni. Daktari alipita akamuuliza, na wewe mama unaumwa nini. Akasema hana kitu, ni mgongo.

Homa ikashuka. Daktari alikuja na kisahani cha chuma, ndani yake kile kipande cha mpira.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi," Kiraka akasema, midomo imekauka. "Kazi yangu haivuji."

"Kazi ni nzuri, baba. Ila tairi halina figo."

Mkewe alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, na kile kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Daktari alimwambia Kiraka ukweli wote: figo moja imeumia na haitarudi ilivyokuwa, nyingine imepona, na angechelewa hadi jioni wasingekuwa wanazungumza. Siku kadhaa baadaye walimfanyia upasuaji kwa kupitia njia yenyewe, bila kumpasua tumbo. Maji yakawa yanapita mfukoni, mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Mkewe akayatazama akiwa amesimama.

Mara ya kwanza Kiraka kukojoa nyumbani kwake bila mpira alisikia aibu kwa ile sauti, ilikuwa ya kijana. Bibi kizee aliisikiliza kutoka kitandani kwake. Asubuhi aliulizwa mbona hanywi chai.

"Mzee amekwenda," akasema. "Simsikii mkojo ukimkatika." Alinyoosha mkono akapapasa kile kiti kitupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa mara ya pili. Halafu akaongeza, "Ila yule mwingine bado yupo."

Kiraka akasema mwingine nani, mama, na bibi kizee akasema atajuaje, yeye haoni.

Alfajiri iliyofuata nyayo zilikuja. Chwa, chwa, kwenye ujia. Kiraka alilala mkavu, mzima, mikono yake juu ya kifua chake. Zikasimama mlangoni pake. Pumzi. Zilipoelekea uani aliinuka, akatembea miguu mitupu, akashika kitasa cha mlango wa uani kama mtu anayeshika kaa la moto, akafungua.

Mkewe alikuwa amechuchumaa kwenye karai, taa ndogo pembeni, viatu vya mzee miguuni. Mbele yake palikuwa na vipande vya shuka kuukuu vilivyokatwa sawasawa, vimelowa. Nguo yake ilikuwa imelowa nyuma mpaka kwenye pindo. Harufu Kiraka aliijua. Alikuwa ametoka kuishi nayo. Mkewe hakushtuka sana. Alikificha kipande kimoja mgongoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari, huku vingine vyote viko wazi.

"Tangu lini?" Kiraka akauliza.

"Tangu waliponitoa kizazi. Nilidhani ni kidonda, kitakauka." Akakitoa kile kipande, akakirudisha majini. "Hakijakauka."

"Ndiyo maana ukahama chumba."

"Ungelala na mtu anayelowesha godoro, baba watoto?"

Kiraka alisema alidhani amemchoka. Mkewe akamtazama, akasema yeye alidhani anajua siku zote, ananyamaza kwa heshima. Na yale maneno ya mama, kwamba mzee amerudi, kila mmoja alikuwa ameyapokea kama yake peke yake.

"Ile alfajiri," Kiraka akasema, "ulisimama mlangoni kwangu."

"Nilikuwa nasikiliza kama umelala. Nikasikia kitanda kinalia, nikaogopa utatoka unikute."

Kiraka akaliona akilini fundo, shuka, ubao wa mlango, mtu wa huku anamwogopa wa kule. Mkewe naye akaanza kuona, mkono wenye povu ukampanda mdomoni. Kabla hajatamka, mumewe alivuta kigoda, akakaa, akachukua kipande kimoja kutoka kwenye karai akakikamua.

"Wiki hii narudi kliniki," akasema. "Tutakwenda wote."

"Nikakae na nini kwenye lile benchi? Nikiinuka wataona."

"Pale hakuna anayemwona mtu. Mwalimu mkuu hanioni mimi, atakuona wewe?" Akakamua tena. "Yule binti amenichungulia mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Sijafa."

Mkewe akacheka kidogo, puani.

Kutoka ndani bibi kizee aliuliza, "Nani huko?"

"Ni sisi, mama."

Siku ya kliniki Kiraka alivichukua viatu vya tairi akavitundika kwenye msumari kibandani kwake, na kibanda akakifunga kwa kufuli. Hakutaka mtu avivae tena. Kwenye benchi mkewe alikaa juu ya kanga iliyokunjwa, yeye pembeni yake, bega kwa bega. Taa ikawaka, ikazimika. Kiraka akageuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Vichwa vyote vilibaki chini. Ilipita muda, mpaka Kiraka akaanza kujuta.

"Marahaba, fundi," mwalimu akasema kwa ukuta. Kisha akageuka. "Shemeji hajambo?"

Muuguzi akaita wanaovuja. Mkewe akainuka, akaiacha kanga pale ilipo, akaingia.

Nyumbani bibi kizee alikuwa ameketi peke yake. Pasi ilikuwa imepoa, mlango wa uani umefungwa kwa komeo. Alisikiliza nyumba tupu kama watu wengine wanavyotazama barabara.

Chwa.

Hakugeuka. Chwa, chwa, kutoka uani, taratibu, miguu ikiburutwa. Nyayo zikaja zikasimama karibu yake. Bibi kizee alinyoosha mkono, akakisogeza kile kiti kidogo, upande wenye mkono mzima.

"Hawapo," akasema. "Wamekwenda hospitali, wote wawili."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa kwa uangalifu.

"Laiti na wewe," bibi kizee akasema, "tungekupeleka."